Shamba kwa jina la kaka: dhana potofu za wazazi walio ughaibuni kuhusu urithi wa watoto wao

Mwezi uliopita niliisikia kauli ile ile mara tatu katika ofisi yangu hapa Nakuru: "Wakili, shamba liko kwa jina la kaka yangu, lakini kila mtu nyumbani anajua ni la watoto wangu." Wa kwanza kuisema alikuwa muuguzi anayefanya kazi Uingereza, wa pili dereva aliyekuja likizo kutoka Qatar, na wa tatu alinipigia simu kutoka Marekani. Kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni mirathi, na kwa kuwa nimeona kauli hii ikiwafukuza watoto katika nyumba zilizojengwa kwa jasho la wazazi wao, nimeamua kuijibu kwa maandishi.

Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012, mwenye ardhi ni yule ambaye jina lake limeandikwa katika masijala ya ardhi, na mahakama huikubali hati miliki yake hadi ithibitishwe kwamba aliipata kwa ulaghai au kwa njia isiyo halali. Huyo "kila mtu nyumbani" hayumo katika masijala. Wateja wengi hunijibu kwamba kaka yao ni mwaminifu, nami sina sababu ya kulikataa hilo. Tatizo ni kwamba uaminifu wake hauandikwi katika rejista wala haurithiwi. Kaka akifariki, shamba huhesabiwa kuwa sehemu ya mali yake, na wanaotangulia katika mirathi yake ni mjane wake na watoto wake, ambao huenda hawakuwahi kusikia makubaliano yaliyofanywa kwa simu miaka 12 iliyopita. Akiliweka rehani akashindwa kulipa mkopo, benki italiuza. Akiachana na mkewe, shamba linaweza kudaiwa kuwa mali ya ndoa.

Ni kweli kwamba sheria inatambua amana, yaani mtu aliyeandikishwa ardhi iliyonunuliwa kwa pesa za mwingine anaweza kuamriwa airudishe. Lakini mzigo wa kuthibitisha humwangukia anayedai, na anayedai mara nyingi ni mtoto. Binti mmoja wa miaka 19, ambaye mama yake alifia ughaibuni, aliniletea bahasha ya kaki iliyojaa stakabadhi za kutumiwa pesa. Tulizipanga mezani moja baada ya nyingine, nyingine wino wake ukiwa umefifia hata tarakimu hazisomeki. Zilionyesha wazi kwamba mama yake alimtumia mjomba pesa nyingi kwa muda mrefu, lakini hakuna hata moja iliyoonyesha kwamba pesa hizo zilikuwa za kununua ploti ya Kiamunyi, hapa Nakuru, wala si za karo, dawa za nyanya yake au mbegu. Mjomba alikuwa ameshafariki, na mkewe alisema kwa utulivu kwamba yeye anaijua ploti ile kuwa ya mumewe. Ujumbe mmoja tu wa maneno manne, "hizi ni za ploti", ungemsaidia mtoto yule kuliko bahasha nzima.

Kwa hiyo nawaambia wateja wangu jambo moja, nami nitaendelea kulirudia: mpe ndugu kalamu, usimpe jina. Mzazi aliye nje anaweza kutia sahihi hati ya uwakala, yaani idhini ya maandishi ya kumruhusu kaka atende kwa niaba yake, mbele ya notari au katika ubalozi wa Kenya, akaituma nyumbani ikalipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa, kisha kaka akatia sahihi mkataba wa ununuzi na, kama ni shamba la kilimo, akaenda kwa niaba yake mbele ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, inayoidhinisha uuzaji wa mashamba. Kazi yote inafanywa na kaka, lakini hati miliki inatoka kwa jina la mzazi. Kuishi nje hakumzuii Mkenya kuwa na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, wala kumiliki ardhi. Kama shamba tayari limo katika jina la kaka, lihamishwe sasa angali hai na mkiwa mnaelewana. Na wakati uhamisho unasubiriwa, yaandikwe makubaliano ya amana yatakayotiwa sahihi na kaka pamoja na mkewe, kisha zuio dhidi ya kuuzwa kwa shamba liwekwe katika masijala. Najua ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi mijini na 2 mashambani, na najua unauma. Kesi ya ardhi inauma zaidi, na inaweza kuchukua utoto mzima wa mtu.

Hata hivyo, hati ya uwakala nayo imezaa dhana yake, kwamba aliyepewa ataendelea kuwasimamia watoto baada ya mzazi kufa. Hapana. Hati hiyo inakufa siku ile ile anapokufa aliyeitoa. Anayeendelea kukusanya kodi ya nyumba au kuuza chochote bila idhini ya mahakama anaingilia mali ya marehemu, kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Wengine huamini kwamba shangazi anayeishi na watoto ndiye atakayekabidhiwa mali yao. Pasipo wosia, na watoto wakiwa chini ya miaka 18, mahakama haimpi mtu mmoja peke yake usimamizi wa mirathi. Lazima wawe wawili au zaidi, isipokuwa msimamizi awe ni Mdhamini wa Umma, ofisi ya serikali inayosimamia mali za marehemu, au shirika la udhamini. Mzazi anayetaka kuchagua mwenyewe wasimamizi na mlezi na aandike wosia, atie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote humo. Mimi huwashauri wazazi waeleze pia kwamba ardhi itashikiliwa katika amana hadi mtoto afike miaka 25, kwa sababu nimewaona vijana wa miaka 18 wakizungukwa na madalali kabla matanga hayajaisha.

Je, wosia ulioandikwa nje unafaa? Ukiwa umetiwa sahihi kwa kufuata sheria ya nchi ulikoandikiwa, Kenya inautambua, lakini ardhi iliyo Kenya hurithiwa kwa sheria ya Kenya na lazima suala lipitie mahakama ya hapa. Hatari kubwa iko kwenye sentensi moja ambayo mawakili wa nje huiweka kama kawaida, inayobatilisha wosia zote za awali: mzazi akiitia sahihi huko bila kuisoma, wosia wake wa Nakuru umekwisha. Kufunga ndoa pia hubatilisha wosia, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo.

Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi hapotezi haki ya shamba. Ikiwa mama au baba yake alikuwa raia wa Kenya siku aliyozaliwa, naye ni raia kwa kuzaliwa, hata kama ana pasipoti nyingine. Na chini ya Sheria ya Urithi, binti hurithi sawa na mvulana. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na bado naulizwa swali hili.

Mwisho, akiba ya Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo. Sacco huangalia kwanza jina la mteule, yaani mtu ambaye mwanachama alimwandika apokee akiba yake akifa, lililo kwenye fomu, si wosia. Mzazi aliyejiunga kabla ya kupata watoto na akamwandika ndugu yake anapaswa kuomba fomu mpya wiki hii.