Kwa nini maabara za hospitali hutumiwa sampuli za wagonjwa wasiokuwepo?

Kifurushi kinaingia maabara. Ndani mna bakteria hai na maelezo mafupi: mgonjwa ana homa kali, sampuli imetoka kwenye damu. Mgonjwa huyo hajawahi kuzaliwa. Ni mtihani wa utayari, na wataalamu wa maabara wanalijua hilo. Wasichokijua ni bakteria gani aliyemo. Mara nyingi huwa ni aliyepunguzwa makali, kama kimeta cha aina ya Sterne, kilekile kinachotumika kuchanja mifugo.

Ungedhani mshindi ni anayemtaja bakteria kwa jina. Sivyo. Maabara ya hospitali hutakiwa imshuku, ifanye vipimo vichache vya msingi, na isipoweza kuondoa shaka, isimame hapo hapo na kuipeleka sampuli maabara ya rufaa, yaani maabara ya ngazi ya juu yenye uwezo wa kuthibitisha.

Kusimama ndiko kugumu, na brusela, bakteria wa mifugo anayewaambukiza pia watu, anaonyesha kwa nini. Huota polepole, vidoa vyake kwenye sahani ni vidogo mno, na mashine ya utambuzi, ambayo inajua tu majina iliyolishwa, yaweza kumpa jina la bakteria mwingine asiye na madhara makubwa. Mtaalamu akiamini jibu hilo ataendelea kumchunguza mezani, nje ya kabati la usalama linalozuia vimelea kusambaa hewani, huku akimvuta kwa pumzi. Brusela ni miongoni mwa maambukizi yanayowapata sana wafanyakazi wa maabara. Aliyemvuta hupewa dawa za kinga kwa siku 21, kisha hufuatiliwa kwa miezi.

Marekani iliunda mtandao wake wa maabara za dharura mwaka 1999. Oktoba 2001, huko Florida, bakteria wenye umbo la fimbo walionekana kwenye maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa mmoja. Walishukiwa mara moja, na maabara ya jimbo iliyoko Jacksonville ikathibitisha kimeta. Lilikuwa shambulio la makusudi: barua zilizotiwa vimelea hivyo ziliwafanya watu 22 waugue, na 5 kati yao wakafa. Kama wasingeshuku mapema, hesabu ingeweza kuwa nyingine.

Kuna jambo linalodharauliwa ambalo mimi ningelipa alama nyingi: simu. Nani anapokea maabara ya rufaa usiku wa Jumamosi? Nani amefunzwa kufunga sampuli katika tabaka tatu za vifungashio? Namba iliyobandikwa ukutani miaka mingi huenda haipatikani tena, na zoezi hulifichua hilo kabla mgonjwa wa kweli hajalazwa.