Kidole Hakina Hatia: Kupima Mzunguko wa Seli kwa Stopwochi

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu aliyepaswa kujua, kwa nini tungali tunatumia jicho na stopwochi kupima kasi ya seli inayozungushwa na uga wa umeme unaozunguka kati ya elektrodi nne, ilhali kidole cha binadamu huchelewa. Swali hilo limenichosha, kwa hiyo nalijibu hapa mara moja.

Kidole huchelewa takriban sekunde 0.2, lakini huchelewa wakati wa kuanzisha saa na huchelewa vilevile wakati wa kuisimamisha, hivyo sehemu kubwa ya ucheleweshaji hujifuta. Tuseme inabaki tofauti ya sekunde 0.1: ikiwa seli hutumia sekunde 2 kwa kila mzunguko, nawe ukahesabu mizunguko 5, kosa lako ni asilimia 1. Anayepima mzunguko mmoja tu ajilaumu mwenyewe. Ajilaumu pia anayesema "moja" alama iliyo kwenye seli inapopita mara ya kwanza, kwa maana hapo ni sifuri. Mipito mitano ni mizunguko minne, na kasi anayoiandika imezidi kwa asilimia 25.

Seli, bila shaka, haiufuati uga hatua kwa hatua. Uga huzunguka kwa kilohezi hadi megahezi, seli hujikokota, na masafa (idadi ya mizunguko ya uga kwa sekunde) yakiwa ya chini, kwa kawaida huzunguka kinyume na uga. Ikizidi kasi ya kuhesabika, punguza volti kwa nusu nayo itabaki na robo ya kasi yake.

Robo hiyo ndiyo inayonimaliza subira. Kasi hufuata mraba wa nguvu ya uga, na wanaolalamikia kidole changu huandika volti inayoonekana kwenye kioo cha jenereta ya mawimbi, kana kwamba ndiyo iliyofika kwenye elektrodi. Katika masafa ya juu volti hupungua njiani, kwenye nyaya na kwenye kikuza mawimbi. Ikipungua kwa asilimia 10, kasi hupungua kwa asilimia 19, na kwa kuwa upungufu hukua pamoja na masafa, kilele cha grafu ya kasi dhidi ya masafa huweza kuhama bila seli kuhusika. Kurudia kipimo mara mia hakusaidii, maana kosa hujirudia lile lile. Osiloskopu, chombo kinachoonyesha mawimbi ya volti, iunganishwe kwenye elektrodi zote nne, kwa kila masafa, na tofauti ya awamu ya nyuzi 90 kati ya elektrodi jirani ithibitishwe. Kazi hiyo inachosha, na ndiyo sababu hairipotiwi.

Seli nayo hubadilika. Katika kiowevu cha sukrosi chenye ioni chache, ioni zake huvuja polepole, basi rudi mara kwa mara kwenye masafa ya marejeo uone kama kasi ni ile ile. Kamera naitumia pia, ila kwa fremu 25 kwa sekunde, seli inayopita mizunguko 12.5 kwa sekunde huweza kuonekana ikirudi nyuma, na yenye alama mbili zinazofanana, zikielekeana, huweza kuhesabiwa maradufu.

Msuguano wa sakafu ya chemba sijui kuuondoa. Seli iliyotua huzunguka polepole kuliko nadharia isemavyo, kwa hiyo naamini zaidi masafa ya kilele kuliko kasi yenyewe, na kapasitansi ya utando (uwezo wake wa kuhifadhi chaji) naikokotoa kutoka hapo, kama Arnold na Zimmermann walivyofanya mwaka 1982 kwa seli za majani ya oti. Asiyeiamini stopwochi kabisa anaweza kupokezanisha nyuga mbili za masafa tofauti, kila moja ikizunguka kinyume na nyingine, akatafuta masafa ambayo seli husimama. Hapo hakuna muda wa kupima. Lakini hata huko tunachagua seli zenye chembechembe inayoonekana, ili jicho lipate cha kushika, na sina uhakika kwamba seli hizo zinafanana na zile laini tunazoziruka.