"Za kwako?": kuanza mazungumzo na mtu usiyemjua katika biashara ya ana kwa ana

Wakala mpya wa biashara ya ana kwa ana, awe anauza vipodozi, virutubisho, manukato au sufuria, karibu kila mara hupewa kazi ileile siku ya kwanza: aandike majina 100 ya watu anaowafahamu. Huandika ndugu, majirani, wanakwaya wenzake, wanachama wa kikoba chake, hata mwalimu wa darasa la mtoto wake. Orodha hiyo ina thamani yake, lakini ina mwisho. Shangazi hununua mara moja kwa kumhurumia, rafiki huchukua kwa mkopo kisha huanza kumkwepa kwa ajili ya deni, na kufika mwezi wa tatu au wa nne wakala amebaki na mzigo chini ya kitanda bila mtu wa kumpigia simu. Nimeifanya kazi hii Dar es Salaam kwa miaka 14, na miaka 6 ya mwisho nimekuwa nikiwafundisha mawakala wengine. Wengi nilioshuhudia wakiacha hawakuacha kwa sababu bidhaa ilikuwa mbaya. Waliacha kwa sababu orodha iliisha na hawakujua namna ya kumsemesha mtu wasiyemjua.

Swali ninaloulizwa kuliko yote darasani ni hili: "Anti, nianze na neno gani?" Anayeuliza hutarajia nimpe sentensi ya ujanja ya kumnasa mtu. Sina sentensi hiyo, na siitafuti. Lugha yetu imekwisha kutupa mlango, nao ni salamu. Kwetu sisi, kumsalimu mtu usiyemjua si jambo la kutiliwa shaka. Jambo la kushangaza ni kukaa naye benchi moja nusu saa nzima bila kumsalimu. Kinachoharibu ni kuifanya salamu iwe chambo, mtu anasema "habari dada" huku mkono wake tayari umo mkobani ukitafuta katalogi. Msimamo wangu ni kwamba salamu itolewe kamili, hata kwa yule ambaye hatanunua chochote maisha yake yote, na habari ya biashara ije baadaye kwa ruhusa yake, au isije kabisa.

Hili nililijua kwa kumuumiza mtu. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kituoni Ubungo nikisubiri daladala, na karibu yangu alisimama dada wa rika langu mwenye madoa meusi mashavuni. Kampuni niliyokuwa nayo ilitufundisha kutafuta tatizo la mteja na kulitatua, nami nikafanya hivyo bila kufikiri: "Samahani dada, hayo madoa yako yana dawa, nina krimu nzuri sana." Alinitazama kwa muda, kisha akasema polepole, "Kwani nani amekwambia yananisumbua?" Akavuta mtandio wake kufunika shavu, akasogea upande wa pili wa kituo. Mkono ule uliokuwa ukivuta mtandio sijausahau hadi leo. Tangu siku hiyo nina sharti ambalo simlegezei yeyote ninayemfundisha: usianzishe mazungumzo kwa mwili wa mtu. Usitaje ngozi, kitambi, wala nywele zilizokatika, na usisifu ikiwa sifa yenyewe inaelekea kwenye bidhaa uliyoibeba. Mtu uliyemwonyesha kasoro yake mbele za watu anaweza hata kununua kwa aibu, lakini hatakutafuta tena.

Neno lingine ninalolikataza ni "fursa". Ni neno zuri lililochakazwa. Mkazi wa mjini akiambiwa "kuna fursa nataka nikuonyeshe", anachosikia ni ukumbi wa mkutano, ada ya kujiunga, na fedha za jirani yake zilizopotelea kwenye upatu, ule mchezo ambao waliotangulia hulipwa kwa ada za wanaojiunga nyuma yao. Hana kosa kuogopa, kwa maana michezo ya upatu imewatia watu wengi hasara, na sheria za Tanzania zinaikataza. Kwa hiyo mtu akikuuliza moja kwa moja kama biashara yako ni upatu, usichukie wala usicheke. Mweleze kipato chako kinatoka wapi. Ikiwa kinatokana na bidhaa zinazonunuliwa na watu wanaozitumia, jibu lako ni fupi na halina kigugumizi. Ikiwa kinatokana na ada za wanaojiunga chini yako, basi aliyeuliza ameuliza jambo la haki, na wewe ndiye unayepaswa kujiuliza upya.

Sasa nirudi kwenye salamu yenyewe, kwa kuwa ufundi wote umo humo. Aliyekuzidi umri umwamkie "shikamoo" na usubiri "marahaba" yake kabla ya kuongeza neno lolote. Vijana wengi hulitupa neno hilo wakiwa wanatembea, na mzee huona kwamba hakuamkiwa. Kwa wa rika lako, "habari za asubuhi" inatosha. Ukiwa Unguja au Mombasa, salaam ya Kiislamu hufungua mengi, na wazee wa mwambao bado hufurahia "sabalkheri" na "masalkheri". Mwanamume asimwendee mwanamke asiyemjua akiwa peke yake mahali pasipo na watu, hata kama nia yake ni safi kabisa, kwa sababu mwanamke yule haioni nia, anamwona mwanamume aliyemkaribia. Mahali pazuri pa kusimama ni ubavuni, mkitazama upande mmoja, umbali wa hatua moja; ukimsimamia mtu usoni umemzibia njia.

Kisha sikiliza jibu linavyorudi. Mtu akisema "nzuri, za kwako?" au "salama, sijui wewe?", amekurudishia swali, na swali hilo ndilo ruhusa. Akisema "nzuri" peke yake na macho yakarudi kwenye simu, amekujibu kwa adabu na mazungumzo yamekwisha. Muache. Nimewaona mawakala wakiipuuza alama hii ndogo siku nzima, wakisukuma maneno juu ya watu waliokwisha kuwafungia mlango kwa upole, halafu jioni wakisema kwamba watu wa Dar es Salaam hawapendi kuongea. Wanapenda sana. Hawapendi kulazimishwa.

Baada ya "za kwako?", zungumzieni kitu ambacho nyote wawili mnakiona. Si maisha yake, si mipango yake ya fedha, si kabila lake. Wapo wanaopenda kuanza na utani wa makabila, na kweli Mpare na Mchaga wakigundua wamekaa jirani, safari yote huwa fupi; lakini utani huo uje wenyewe baada ya mtu kujitambulisha, maana kumuuliza mtu kabila lake kwa ghafla kunaweza kumkosesha raha, na kwa ndugu zetu wa Kenya swali hilo linaweza kuwa zito zaidi.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye foleni ya pantoni pale Magogoni, nikipeleka oda Kigamboni. Mbele yangu alikuwa mama mwenye ndoo ya machungwa. Nilimwamkia, akaitikia na kuniuliza habari za nyumbani, nami nikamuuliza kama machungwa yale yametoka Muheza. Alifurahi kama niliyemtaja ndugu yake. Akanipa moja nilipime mkononi, akanifundisha kwamba chungwa lenye maji huwa zito kuliko linavyoonekana, na kwamba ganda jembamba linalong'aa ni bora kuliko ganda nene. Kisha akanionyesha vidole vyake vilivyopasuka na kusema maji ya maganda humchoma sana. Mimi nilikuwa na mafuta ya mikono kwenye mfuko, chupa tatu. Sikuyatoa. Nilimuuliza hupaka nini usiku, akasema mafuta ya nazi, nikamwambia amefanya vyema, kwa sababu ni kweli amefanya vyema. Tulipokuwa tunaingia kwenye pantoni, yeye mwenyewe akauliza, "Na wewe mwanangu, kazini kwako ni wapi?"

Swali hilo ndilo ninalolingoja siku zote, na likija lijibiwe kwa sentensi moja iliyonyooka. Nilimwambia, "Mimi ni wakala, mama, nauza mafuta ya mwili na sabuni, na sasa nampelekea mteja oda yake." Basi. Mawakala wengi hapa huanza kuzunguka: "najishughulisha na masuala ya afya na urembo", "nafanya biashara ya kimataifa". Maneno haya humfanya msikilizaji ahisi anafichwa kitu, na kweli anafichwa. Mtu aliyezungumza nawe kwa moyo mweupe kwa dakika kumi, kisha akagundua siku ya pili kwamba ulikuwa muuzaji tangu mwanzo, hukasirika kwa haki. Jitaje mapema kadiri unavyoweza bila kumsukumia. Yule mama aliuliza bei, nikamtajia, akasema ni ghali kwake, nikakubali kwamba kwa mtu mwenye mafuta ya nazi si lazima. Tukaendelea kuzungumzia machungwa.

Kusikiliza kwa namna hii si upole mtupu. Ndiko kunakokuonyesha watu wanataka nini. David McConnell, Mmarekani aliyekuwa akiuza vitabu nyumba kwa nyumba, aliwapa wanawake waliomkaribisha manukato kidogo kama zawadi, akaona kwamba wanayapenda manukato kuliko vitabu vyenyewe. Mwaka 1886 akaanzisha kampuni ya manukato, ambayo baadaye ikaitwa Avon. Asingekuwa makini pale mlangoni angeendelea kubeba vitabu.

Jambo linalowashinda mawakala kuliko hata kuanza ni kulitambua neno "hapana", kwa kuwa Mswahili hulisema mara chache. Husema "nitakutafuta", "tutaongea", "Mungu akipenda", "ngoja nimuulize mzee". Mwenye kusema hivyo amekuheshimu kwa kutokukatalia usoni, na heshima hiyo hurudishwa kwa kuacha. "Mwisho wa mwezi" ni tofauti kidogo. Ikiwa ametaja bidhaa na kiasi, mathalani "mwisho wa mwezi nitachukua sabuni mbili", huyo anasubiri mshahara na ni sahihi kumkumbusha mara moja. Ikiwa ametaja mwisho wa mwezi peke yake, hesabu kwamba amekataa. Na asiyekujua akikueleza maumivu yake, sukari au presha, usijifanye tabibu. Hata bidhaa zako ziwe nzuri namna gani, huna ruhusa ya kumwambia mtu aache dawa alizoandikiwa hospitali. Tangu mwaka 2019 vyakula na vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania na dawa zina mamlaka yake, kwa hiyo ukiuza kipodozi kwa jina la dawa unadanganya mara mbili.

Kuhusu mahali, sitakaa sana. Penye kusubiri pana mazungumzo: foleni ya benki, kituo cha boda, veranda ya ofisi ya serikali ya mtaa. Ndani ya basi la mwendokasi saa kumi na moja jioni, watu wamebanana na kila mmoja anashika mkoba wake, usimsemeshe mtu habari ya bidhaa. Msibani kamwe, na wodini kamwe. Saluni ni mahali pazuri mno, wanawake wamekaa saa tatu wakisukwa, lakini pale ni kazini kwa mtu. Mwenye saluni naye anauza mafuta, na anayefungua katalogi bila kumwomba ruhusa amemwingilia mwenzake kwenye riziki yake. Zungumza naye kwanza. Mara nyingi yeye ndiye huishia kuwa mteja wako mkubwa.

Mwisho ni suala la namba ya simu. Mimi siombi namba ya mtu siku ya kwanza. Natoa yangu, na akitaka ananibipu palepale. Anayebipu amechagua mwenyewe. Namhifadhi kwa jina pamoja na mahali tulipokutana na jambo tuliloongea, kwa kuwa baada ya wiki mbili "Mama Neema" watakuwa watano kwenye simu na sitamkumbuka hata mmoja. Kumwingiza mtu kwenye kundi la WhatsApp la matangazo bila kumuuliza ni kosa ambalo nimelipiga vita sana darasani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ni taarifa ya mtu. Lakini hata isingekuwepo sheria, aliyekupa namba kwa ajili ya mazungumzo ya wawili hakukupa ruhusa ya kumtia kwenye baraza la watu 200.

Yule mama nilimhifadhi kama "Mama Machungwa Pantoni". Alinibipu tena baada ya wiki tatu, nikampigia. Hakuanza na mafuta. Aliuliza kwanza kama mteja wangu wa Kigamboni aliupata mzigo wake salama siku ile, nikamwambia aliupata. Ndipo akasema binti yake amejifungua na anataka sabuni na mafuta ya mwili, chupa mbili, ila niyapeleke Jumamosi yeye mwenyewe akiwepo, kwa sababu ameniwekea machungwa.