Tuuze embe kwa kilo, tusiuze mwembe ungali na maua

Kila mwezi wa Agosti, miembe inapochanua kuanzia Kerege hadi Zinga na Kiromo, mimi kama mtaalamu wa kilimo cha matunda hapa Bagamoyo hushuhudia biashara ile ile. Mchuuzi hufika kwa pikipiki, hutazama mti kutoka chini, hutaja bei ya mti mzima, na mwenye shamba hupokea fedha taslimu. Embe litakapokomaa Novemba au Desemba, mkulima huyo atakuwa mlinzi wa mali ya mtu mwingine. Ndiyo maana ninaposikia mipango ya viwanda vya kusindika embe na masoko ya nje, swali langu la kwanza ni moja: siku ya kuvuna, embe lile litakuwa la nani?

Mkulima anayeuza maua hakosi akili. Anamwachia mchuuzi hatari asiyoweza kuibeba peke yake, kwa maana ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, ukishambulia maua, au inzi wa matunda akiingia, hana fidia popote. Kwa hiyo kumwambia asiuze mapema bila kumpunguzia hatari hiyo ni kumwonea.

Hatari kubwa kwetu ni inzi mwenye asili ya Asia, ajulikanaye kitaalamu kama Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Desemba iliyopita niliketi na bibi mmoja wa Kiromo chini ya mwembe wake wa dodo. Aliokota embe lililoonekana zima, isipokuwa kidoa cheusi kisichozidi kichwa cha pini. Nilipolipasua, nyama ya upande ule ilikuwa imegeuka uji wa kahawia, na funza weupe wakaanza kujikunja na kuruka juu ya kisu. “Bwana shamba,” akaniambia, “miaka yote nilidhani ni jua linayachoma.”

Inzi jike hutaga mayai chini ya ganda. Funza hula nyama mpaka embe lianguke, kisha hutoka na kujifukia sentimita chache udongoni, na baada ya siku kadhaa huibuka inzi wapya. Embe bovu lililoachwa chini ya mti, kwa hiyo, ndilo kitalu cha inzi wa majuma yanayofuata. Dawa ya kwanza ni kuokota maembe yote yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa wiki, na kuyafukia katika shimo la nusu mita au zaidi. Mitego yenye chambo kinachovuta madume husaidia pia, lakini inzi hajui mpaka wa shamba, na juhudi za mtu mmoja aliyezungukwa na majirani wasiookota hupotea bure. Kazi hii ni ya kitongoji kizima.

Yupo pia msaidizi ambaye wengi wetu tunamchoma moto: majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini wanaoshona majani kuwa viota. Harufu wanayoiacha juu ya matunda humfukuza inzi jike asitage. Ninafahamu jinsi wanavyowasumbua wachumaji, ila ningeomba viota viachwe hadi mavuno, kisha wachumaji wajipake majivu mikononi.

Kitongoji kilichozoea kuokota pamoja kinaweza pia kupima na kuuza pamoja kwa mzani. Korosho ya ukanda huu wa pwani huuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani huwekwa ghalani kwa risiti hadi ipate mnunuzi, kwa sababu inakubali kusubiri. Embe halisubiri, na hata katika chumba cha ubaridi chenye nyuzi joto 13 hudumu wiki mbili au tatu tu. Hivyo kituo cha kukusanyia kinahitaji mzani na kreti za plastiki kabla ya jengo lolote. Embe lichumwe mabega yake, pande za karibu na kikonyo, yakiwa yamejaa, libakiziwe kikonyo kifupi, kisha lilazwe kikonyo kikielekea chini mpaka utomvu ukauke, kwani utomvu huunguza ganda na kushusha daraja la tunda.

Kuhusu aina, sioni sababu ya kukata miembe ya dodo na bolibo, ambayo mlaji wa Dar es Salaam anaipenda. Miti mizee isiyozaa vizuri inaweza kukatwa juu na kubebeshwa, yaani kuunganishiwa chipukizi za aina nyingine kama Kent au Keitt, nayo Keitt hukomaa kwa kuchelewa na kurefusha msimu. Soko la Ulaya lisiwe la kwanza. Kenya ilisimamisha yenyewe uuzaji wa maembe huko mwaka 2014 kwa sababu ya inzi huyu huyu, na ikarejea mwaka 2021 tu. Sisi tuko mwendo mfupi kutoka jiji kubwa lenye wasindikaji wa juisi na hoteli. Mkataba wa kilo kwa wanunuzi hao unawezekana sasa.

Inabaki shida ya fedha ya Agosti, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini. Kikundi cha kuweka na kukopa kikitoa mkopo mdogo unaolipwa Desemba baada ya kupima, mkulima hatalazimika kuuza miti yote. Bibi wa Kiromo ana miembe tisa. Tuliipitia mmoja mmoja, akahesabu madeni yake kwa vidole, akaamua kwamba msimu ujao atauza miwili ikiwa na maua, na saba itasubiri mzani.