Picha ghafi: anza na kanzu nyeupe

Vijana wanaoingia kwenye kazi hii ya kupiga picha huniuliza swali lile lile: "Kaka, nimeweka kamera kwenye RAW kama ulivyosema, mbona picha zimepauka?" RAW ndiyo picha ghafi, na zimepauka kwa sababu bado hazijaguswa. Ukipiga JPEG, ile picha ya kawaida iliyokwisha kutengenezwa, kamera yenyewe hukoleza rangi, hunoa kingo, kisha hutupa kilichobaki. JPEG ina ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi. Picha ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ndiyo maana inajaza kadi ya kumbukumbu upesi, na ndiyo maana siiachi.

Nichukue picha moja ya nikahi niliyopiga Tanga. Bwana harusi ameketi kando ya dirisha, jua la saa tano linampiga begani, amevaa kanzu nyeupe iliyodariziwa kwa uzi mweupe kifuani. Kwenye kioo cha kamera kifua chote kilikuwa cheupe pe. Nilipoipunguzia mwangaza JPEG yake, kanzu iligeuka kijivu na darizi haikuonekana. Kwenye faili ghafi nilishusha sehemu zinazong'aa peke yake, na uzi ukarudi, mshono kwa mshono, mpaka kishada cha shingoni. Nilifurahi kama mara ya kwanza.

Ila upo mpaka. Sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachonasa mwanga, ikishajaa, picha imeungua na hakuna programu itakayorudisha uzi ambao haukunaswa. Kwa hiyo unapopima mwanga, pimia kanzu. Uso uliofifia kidogo utaupandisha baadaye, ingawa ukiupandisha mno chengachenga zitajitokeza, hasa kama ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, ilikuwa juu.

Sasa rangi. Mimi natumia darktable, programu ya bure ya kuhariri picha, na kazi yangu ya kwanza baada ya kufungua faili ni kusahihisha rangi ya mwanga. Balbu ya zamani ya waya huwa kwenye kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,800 hivi, jua la mchana kama 5,500. Katika picha ghafi namba hiyo unaibadilisha utakavyo, kwa kuwa bado haijapikwa ndani ya picha. Wengi huchukua alama ya kuchagulia weupe na kubofya kanzu. Msifanye hivyo! Kanzu iliyotiwa nili, au iliyofuliwa kwa sabuni zenye ving'arisho, ina ubuluu ambao jicho halijali. Programu itaufidia kwa kuongeza umanjano, na uso wa bwana harusi utafanana na wa mgonjwa wa ini. Mimi natembea na kadi ya kijivu. Namwomba mmoja wa mashahidi aishike pale pale dirishani, napiga picha moja, kisha kwenye programu nabofya kadi hiyo badala ya kanzu, basi.

Jambo jingine ninalolisimamia: msimng'arishe mtu. Ngozi nyeusi ina wekundu na udhahabu ndani yake, na ukizidisha mwangaza, rangi hizo hutoweka, mtu anabaki kijivujivu. Pandisha vivuli kidogo kidogo huku ukitazama shavu na paji la uso.

Wala usiogope kukosea, maana programu haigusi faili lenyewe; inaandika maelekezo yako kwenye faili dogo la pembeni. Picha ile ya Tanga niliimaliza usiku nikairidhia. Asubuhi niliiona imekolea uvuguvugu, yaani umanjano, nikapunguza kelvini 300 kwenye programu ili ipoe, ndipo nikamtumia bwana harusi.