Ukigongwa na gari Lubumbashi, karatasi ya kwanza usiitie dole

Mama mmoja wa Katuba alifika kwenye ofisi yetu ya ushauri wa sheria wa bure akiwa amebeba mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na picha ya radio (eksirei) ya mguu wa kijana wake, fakture tatu za hospitali, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari ya shule. Hiyo ya daftari ndiyo niliyoisoma mara mbili. Iliandikwa kwa biki nyekundu: «Nimepokea dola 150. Sina tena la kudai.» Chini yake kulikuwa na dole la kijana, wino umetapakaa, kwa sababu walimshika kidole akiwa kitandani, siku ya tatu baada ya ajali.

«Metre,» akaniuliza, kama mawakili wanavyoitwa huku, «hii karatasi inashika kweli?»

Kwa sheria yetu ya Kongo, makubaliano ya kumaliza ugomvi yanawafunga waliotia saini karibu sawa na hukumu isiyo na rufaa. Kusema kwamba pesa ilikuwa kidogo hakutoshi kuyavunja. Inabidi uonyeshe kwamba ulidanganywa au ulilazimishwa. Kijana aliyekuwa amechomwa sindano ya maumivu anaweza kuwa na la kusema mbele ya jaji, lakini tazama tulipofikia: badala ya kudai mguu, tunaanza kubishana juu ya karatasi.

Simlaumu mtu anayetia dole. Hospitali inataka pesa leo, na jamaa za dereva wanakuja na mikate, juisi na mzee wa kanisa, wanasema sisi sote ni ndugu. Pokea mikate, na pesa pia upokee. Kitu cha kubadilisha ni mstari mmoja tu: «Nimepokea dola 150 za matibabu, madai mengine yote yanabaki.» Anayekusaidia kwa moyo safi hatakataa mstari huo. Akikataa, basi umejua alichokuja kununua.

Kosa lingine ninaloliona kila wiki ni kufikiri kwamba anayedaiwa ni dereva peke yake. Dereva wa taksibasi jioni anampelekea mwenye gari pesa yake, kinachobaki ni cha unga. Utamkamua nini? Lakini sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973 inalazimisha kila chombo cha mota kinachotembea barabarani kiwe na bima ya kulipa madhara yanayowapata watu wengine. Pikipiki nazo zimo, hata za hawa manseba wetu (aliyewapa vijana wa taksi-moto jina la mjomba alikuwa na ucheshi wake). Kitabu cha tatu cha Kode sivile (sheria ya madai), kifungu cha 258, kinasema anayesababisha hasara kwa kosa lake ailipe, na kifungu cha 260 kinamfanya mwenye kazi ajibu kwa makosa ya mtumishi wake akiwa kazini. Kwa hiyo mbele yako wako watatu: dereva, mwenye gari na bima. Mwenye mfuko ni huyo wa tatu, na sheria inakuruhusu umdai moja kwa moja, bila kungoja dereva akuombee.

Abiria ndani ya gari lililofanya kosa naye ana haki ya kudai, na vilevile aliyebebwa nyuma ya pikipiki. Dereva mwenye kosa ndiye asiyelipwa na bima hii, isipokuwa alijinunulia nyingine ya kumlinda yeye mwenyewe.

Zamani mambo yalikuwa mepesi kidogo, kwa maana bima ilikuwa SONAS, kampuni ya serikali, peke yake. Kode ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 iliufuta ukiritimba huo na kufungua soko kwa makampuni mengine, chini ya uangalizi wa ARCA, mamlaka ya kusimamia bima. Ndiyo maana siku hizi kusema «gari lina asiransi», yaani bima, hakutoshi. Soma kibandiko kwenye kioo cha mbele: jina la kampuni, namba ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kipige picha kwa simu, pamoja na plaki ya gari. Wewe ukiwa umeumia, mwombe mtu yeyote aliye karibu. Halafu nenda kwa kampuni yenyewe, ikuthibitishie kama mkataba huo wanaujua.

Hapa niseme jambo ambalo halipendezi. Pale Kenya au Ruashi, komine za hapa Lubumbashi, gari likigonga mtoto, mara nyingine umati unampiga dereva na kuwasha gari moto. Mbali na kwamba kumuua mtu ni kuua, kibandiko cha bima kinaungua pamoja na kioo, karte roze (kadi ya gari) inaungua ndani ya kabati la dashibodi, na dereva ambaye angeeleza mwenye gari ni nani hayupo tena wa kuulizwa. Familia ya mtoto inabaki mikono mitupu.

Polisi wa rulaji, yaani wa barabarani, wakifika, wanapima, wanachora kroki (ramani) ya mahali, wanaandika PV, yaani ripoti rasmi ya ajali. Bila PV bima haitakusikiliza. Angalia kroki inasema uligongwa wapi: ukingoni au katikati ya barabara? Toa majina ya walioona, na namba zao za simu. Kama gari lina usukani wa kulia, kama mengi yaliyopitia Zambia, taja pia, maana sisi tunaendesha upande wa kulia, na dereva wa usukani huo akitaka kupita lori haoni vizuri kinachokuja mbele yake. Andika namba ya PV na jina la afisa aliyeiandika.

Afisa huyo ndiye anayeweza kutoa rekizisyo kwa daktari, yaani barua rasmi ya kuomba majeruhi apimwe. Cheti cha siku ya kwanza kinasema umevunjika. Hakisemi utachechemea maisha yako yote. Hilo linasemwa na cheti cha mwisho, kinachoandikwa kidonda kikishatulia, na ndani yake daktari anaweka asilimia ya ulemavu unaobaki. Sehemu kubwa ya fidia inahesabiwa kutoka asilimia hiyo. Ndiyo sababu makubaliano ya siku ya tatu ni biashara mbaya: mnapatana bei ya kitu ambacho hata daktari hajakipima.

Dai matibabu na dawa, usafiri wa kwenda hospitali, siku ulizokosa kazi, ulemavu, na maumivu yenyewe. Fundi cherehani wa Kamalondo hana karatasi ya mshahara, lakini ana daftari ya wateja. Iambatanishe.

Kama mtu amekufa, mjane anaulizwa cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na cha ndoa. Hapo wengi wanakwama: mahari ilitolewa, wazee walikula, lakini ndoa haikuandikishwa kwenye ofisi ya komine. Ndugu wa marehemu wanajua hilo, na wengine wanalitumia.

Bima ikinyamaza au ikitoa kiasi cha kuchekesha, unaweza kulalamika ARCA, na pia kuna tribinali, yaani mahakama. Kuua au kuumiza bila kukusudia kunahukumiwa na Tribinali ya Amani. Faili ikishafika pale, unaweza kujiunga kama mdai kwa kutangaza kwenye grefe (ofisi ya karani wa mahakama) au mbele ya jaji, hadi mjadala ufungwe. Mwenye gari na bima wanaitwa hapohapo. Asiye na uwezo aombe cheti cha umaskini kwa idara ya mambo ya jamii. Ila angalia kalenda: mashtaka ya jinai ya kuumiza bila kukusudia yanakufa baada ya mwaka 1, ya kuua bila kukusudia baada ya miaka 3. Mlango huo ukifungwa, unabaki wa madai ya kawaida, na hapo mzigo wa kutafuta ushahidi ni wako peke yako.

Kwa malori ya barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, uliza Karte ya Njano ya COMESA, kadi ya bima inayokubalika katika nchi kadhaa za ukanda huu. Lori la Zambia au Tanzania lililo nayo linadaiwa hapahapa Kongo, huna haja ya kuvuka mpaka.

Kijana wa Katuba aligongwa miezi tisa kabla mama yake hajatufikia. Tulihesabu siku, tukaandika barua kwa kampuni ya bima siku hiyohiyo, nakala mbili. Moja ikarudi na muhuri wa kupokelewa, na mama akaitia kwenye mfuko wake wa plastiki, juu ya ile ya daftari.