Unataka uzamivu katika sayansi ya tando? Anza na swali, si shauku

Barua nyingi za maombi ninazosoma hufunguliwa kwa "nina shauku kubwa na maji safi". Sina ugomvi na shauku, ila barua ya namna hiyo ingeweza kupelekwa idara yoyote ya uhandisi bila kubadilishwa hata neno.

Utando ni ngozi nyembamba inayopitisha kitu kimoja na kukizuia kingine. Katika utando unaoondoa chumvi kwenye maji ya bahari, tabaka la poliamidi (aina ya plastiki) linalofanya kazi hiyo lina unene wa nanomita 100 hivi, nalo husukumiwa maji kwa shinikizo la bar 55 hadi 70 (bar moja ni karibu sawa na shinikizo la kawaida la hewa). Ukiufanya upitishe maji haraka zaidi, mara nyingi chumvi nayo hupenya. Klorini, ambayo ingeua vijidudu vinavyouziba, huliharibu tabaka lenyewe. Hapo tayari pana maswali ya tasnifu kadhaa, na bado hatujagusa usafishaji wa damu, utenganishaji wa gesi wala seli za haidrojeni zinazozalisha umeme.

Kazi ya mikono huwashangaza wengi. Unamimina myeyusho wa polima, mzito kama asali, juu ya kioo, unauvuta kwa kisu maalumu ubaki filamu nyembamba, kisha unazamisha kioo majini. Katika sekunde chache filamu angavu inageuka nyeupe: kiyeyushi kinatoka, maji yanaingia, polima inaganda. Kwa hadubini ya elektroni unaona sponji nzuri, au mapango marefu kama vidole yanayoudhoofisha utando. Miezi ya kwanza huishia kuyatafutia dawa mapango hayo. Mwombaji aliyewahi kuyaona, hata kwenye mradi mdogo wa uzamili, na akaeleza alichobadilisha, namwita kwenye usaili.

Nafasi zenyewe ni za aina mbili. Kuna mradi uliokwisha pata fedha, ambapo msimamizi anatafuta mtu. Uholanzi, kwa mfano, mtafiti wa namna hii kwa kawaida huajiriwa na kulipwa mshahara kwa miaka minne. Kuna pia ufadhili unaouomba na andiko lako mwenyewe. Anza kuchungulia vyuo vikuu hivi: Twente cha Uholanzi, KAUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mfalme Abdullah) cha Saudi Arabia, UNSW (Chuo Kikuu cha New South Wales) cha Sydney na NTU (Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang) cha Singapore. Vyote vina vikundi vikubwa vya tando.

Kwa waliomaliza uzamivu, ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya uko wazi kwa raia wa nchi yoyote. Soma sharti la makazi kabla ya kuandika lolote: kwa kawaida hutakiwi kuwa umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoiombea kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi. Wapo wanaohamia kwanza ili wawe karibu na maabara, na kumbe wameshajiondoa.